Hendeli ya racheti ya kufungulia loki: chombo nyota mbili, duka hata nusu sitoi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kungoja ipoe.

Nimenunua hendeli ya racheti ya kufungulia loki za mifereji huku Uingereza, vile vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, kwa pesa ambazo zingenunua hendeli mbili za kawaida na chenji ikabaki. Niliinunua kwa sababu moja tu, mkono wangu wa kulia. Nimetunza wazee kwa miaka mingi, nikinyanyua na kugeuza watu wazito kitandani, na sasa kifundo cha mkono kinadai chake. Daktari akasema nipunguze kukikunja. Dukani nikaambiwa chombo hiki kimetengenezwa kwa watu kama mimi. Nikaamini.

Sisi ni watu wa boti. Watoto wakifunga shule tunakodi boti nyembamba, zile ndefu zilizopakwa rangi, tunaingia mferejini. Mume wangu anashika usukani, mimi nashuka kwenye loki. Tuligawana hivyo tangu mwanzo na sijawahi kutaka tubadilishane. Kule chini kwenye boti unaona ukuta wenye ukungu na matone ya maji. Juu ukingoni unaona mashamba, farasi, watu wanapita na mbwa wao, na ukimaliza kuzungusha unasikia maji yanavyoanza kunguruma chini ya miguu yako. Sehemu hiyo ya safari ni yangu.

Kwa ambao hamjawahi: loki ni chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia, unafunga malango, unafungulia maji, boti inapanda au inashuka mpaka ilingane na mfereji wa upande wa pili. Loki nyingi za huku hazina umeme wala mtu wa kukufungulia. Mwenye boti ndiye mwenye kazi. Kuna kizibo chini ya maji, na juu yake, ukingoni, kichwa cha chuma cha mraba. Unavisha hendeli hapo, unazungusha, kizibo kinanyanyuka. Waliowahi kuona lori la zamani likiwashwa kwa kupigwa hendeli mbele wameshanielewa, chuma ni kile kile cha kupinda.

Hendeli zile wanazokupa ukikodi boti ni za chuma kizito, mshikio mtupu, baridi ya asubuhi yote inahamia kiganjani. Ukizungusha, chuma kinasuguana na ngozi, na kifundo kinajipinda kila mzunguko. Racheti, yaani hendeli yenye kijino ndani kinachoshika meno upande mmoja tu, iliniahidi kuniondolea hilo. Huhitaji kuzunguka duara zima. Unavuta pale mkono ulipo na nguvu, unarudisha bure, unavuta tena. Kwa mtu wa kifundo kibovu, hiyo ni habari njema kabisa.

Sasa twende Hatton, karibu na Warwick. Loki 21, zinapanda kama mita 45, pana, za miaka ya 1930 walipopanua mfereji. Vizibo vyake vinafunguliwa kwa mitambo iliyofunikwa, minara myeupe iliyoinama, na kila mnara unataka mizunguko mingi kuliko loki za kawaida. Ukimaliza kufungua hupati ujanja wa kuachia kizibo kianguke, lazima ukirudishe chini kwa kuzungusha vile vile. Hapapatikani mahali pazuri zaidi pa kujaribia hendeli inayodai kurahisisha kazi. Tulikuwa tumeshapanda loki kadhaa, naisifia mpaka watoto wamechoka kunisikiliza. Kizibo kikiwa nusu, nimevuta kwa uzito wa mwili, racheti ikaruka meno. Sikusikia kilio chochote cha kunionya. Mkono ulikwenda wote, ukagonga pembe ya mnara, ngozi ya vifundo vya vidole viwili ikabaki pale. Nikavisha tena, nikavuta pole pole, ikashika kidogo, ikaruka tena.

Nashukuru ilikuwa Hatton, kwa sababu mitambo ile hubaki ilipo. Ingekuwa loki za kawaida, ambako kizibo kinazuiwa na kijichuma kimoja kinachoingia kwenye meno, na wewe hujawahi kukilaza mahali pake, kizibo kingeshuka kwa uzito wake na hendeli ingezunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Watu wameumia vibaya kwa hilo. Ndiyo maana unafundishwa siku ya kwanza usiache hendeli imevikwa ukaenda zako. Kwa hiyo nikisema chombo kiliruka meno, msidhani nalalamikia kero ndogo.

Kulikuwa na mzee wa kujitolea pale, wale wanaovaa jaketi za kuokolea maisha na kusaidia wapita njia. Aliona damu. Hakunihubiria. Alichomoa hendeli yake kiunoni akanipa. Ilikuwa ya alumini, nyepesi, mkono mrefu kidogo, na mshikio wake una bomba la nje linalozunguka lenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Kiganja kinashika bomba, bomba linabaki kimya kiganjani, chuma cha ndani ndicho kinachozunguka. Kifundo hakijipindi tena kwa kila duara. Nilimaliza loki ile na nyingine na nyingine, kwa chombo kisicho na springi wala kijino chochote cha kuharibika. Mzee aliniachia nitumie mpaka juu. Mungu ambariki.

Tukarudi dukani, duka la vifaa vya boti ambalo sitalitaja. Kidole kimefungwa bandeji. Naeleza tatizo, neno kwa neno. Muuzaji ananisikiliza huku anamtazama mume wangu. Nikamaliza, akamwuliza yeye: mkeo anaivisha vizuri? Mume wangu akamjibu kwa upole, mwulize mwenyewe, yeye ndiye anayefungua loki. Akaendelea kumtazama yeye. Akachukua hendeli, akaivisha kwenye kipande cha chuma cha maonyesho pale kaunta, kipya, pembe kali, hakina mzigo wowote. Tak, tak, tak. Akasema, mwaona, inafanya kazi. Bila mzigo, racheti gani haiwezi kulia tak? Halafu akatoa lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku nageuka kitandani: labda kazi ya loki wafanye wenye nguvu, mama apumzike kwenye boti.

Mimi! Ambaye nimenyanyua baba za watu wazito kuliko yeye, usiku kucha. Duka limeweka kibandiko chini ya hendeli hiyo kinachosema ni kwa wenye mikono dhaifu, kisha mwenye mkono dhaifu akija anaambiwa apumzike. Basi mlimwuzia nani? Pesa hawakurudisha.

Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msinunue racheti kamwe. Lakini haki iko pale pale, na siwezi kuficha kilichofuata. Mume wangu aliifungua nyumbani mezani. Ndani kijino kilikuwa kimezama kwenye grisi nzito iliyoganda, springi ndogo haina nguvu ya kukirudisha kwenye meno. Akaiosha kwa dizeli, akaikausha, akaweka mafuta mepesi tu. Miezi kadhaa baadaye tukaenda Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham, loki 30 zimefuatana. Kuna mahali kichwa cha mraba kiko karibu mno na kitu kingine, reli au boriti ya lango, hendeli ndefu ikifika chini unajigonga. Pale racheti ilifanya kile ilichoahidi. Navuta robo duara, narudisha, navuta. Haikuruka hata mara moja. Kifundo kilikuwa kizima jioni, nikapika mwenyewe, nikasuka nywele za binti yangu. Nilifurahi mno, na siku ile ningetoa nyota nne.

Lakini kadiri ninavyofikiri ndivyo nyota zinavyopungua. Kile kiswichi cha kubadili upande ambao racheti inashika ni kidogo na kigumu, vidole vikiwa na baridi hakigeuki. Na unakihitaji hasa wakati wa kushusha kizibo, wakati ambao hutaki kuhangaika na chochote. Siku hizi nafungulia kwa racheti na kufungia kwa hendeli ya kawaida, maana yake natembea na vyuma viwili. Na kubwa kuliko yote: chombo kinachouzwa kwa mtu mwenye mkono mgonjwa hakitakiwi kwanza kifunguliwe na fundi mezani ndipo kiwe salama. Asiye na mume mwenye spana afanye nini?

Kwa hiyo kama mkono wako ni kama wangu, tafuta kwanza hendeli nyepesi yenye mshikio unaozunguka. Angalia tundu lake: vichwa vya loki vina unene tofauti, na sehemu ya mfereji wa Grand Union kati ya Braunston na Birmingham imejulikana miaka mingi kwa vichwa vinene. Tundu likipwaya, hendeli inateleza na kula pembe, na alumini inaliwa upesi kuliko chuma. Tena alumini ikianguka mferejini sumaku haiishiki, imekwenda, wakati ya chuma unaivua kwa sumaku na kamba. Mkono mrefu unapunguza nguvu unayotumia ila unachora duara kubwa, kwa hiyo mtu mfupi kama mimi bega linachoka. Na ukienda kaskazini kwenye mfereji wa Calder na Hebble, hendeli peke yake haitoshi, loki nyingine zinataka gongo la mbao la kutia na kusukuma kwa mwili, na hapo kifundo kinapumzika lakini mgongo unalipa.

Racheti yenyewe naiacha na nyota mbili. Ikiboreshwa springi na kiswichi nitarudi kuongeza, nasema kweli. Duka sitalikanyaga. Niliwaandikia barua, kwa jina langu, nikaeleza meno, springi, kidole na yale maneno ya kaunta. Wamejibu juzi juzi. Wameniletea punguzo la bei kwa manunuzi yajayo, hawakugusia alichosema muuzaji, na barua wameiandika kwa jina la mume wangu. Nimeirudisha kwenye bahasha nyingine nikaandika juu yake kwamba nataka pesa yangu yote, na kwamba anayefungua loki katika familia hii ni mimi.