Mwewe na kunguru wanamaliza vifaranga na sungura: ununue nini kwanza

Jamani kama una sungura wawili watatu wa watoto au vifaranga wa kienyeji hapo uani na mwewe ameshaanza kuzunguka juu ya paa, usikimbilie dukani bado. Mi niko Kibaha, nimeshanunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa kazi hii na hela niliyopoteza ingejenga banda la maana toka siku ya kwanza, inaniuma mtu mwingine kupita njia hiyohiyo.

Kwanza ujue nani anakuibia. Mwewe anakuja mchana, anashuka toka juu, ananyakua kwa miguu na kuondoka bila hata kutua, na yeye mwenyewe hafikishi kilo moja kwa hiyo kifaranga na sungura mchanga ndo saizi yake. Usiku kuna bundi. Halafu kuna kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasambaa pwani yote, na huku kwetu mi naona ndo mwizi mkubwa kumpita mwewe, maana anatembea, anachungulia, anasubiri ugeuke.

Namba moja kwangu ni weldi meshi, ule wavu mgumu wa waya zilizochomelewa, yenye matundu ya nusu inchi, juu na pembeni. Wengi tunachukua wavu wa kuku ule wa inchi moja kwa sababu ya bei, na mi nilichukua. Asubuhi moja nasikia kuku mama anapiga kelele, natoka nakuta kunguru kasimama nje ya wavu, kifaranga kajibanza kwenye kona, na kunguru kapitisha mdomo kwenye tundu kashika mguu anauvuta taratibu kama mtu anachomoa uzi. Nilimfukuza lakini mguu ulishakwisha, jioni kifaranga akafa mikononi kwa mwanangu. Toka siku hiyo inchi moja siitaki kabisa.

Ukiwa dukani uliza geji, yaani unene wa waya, namba ikiwa kubwa waya unakuwa mwembamba, geji 16 ni nene kuliko geji 20. Bonyeza na dole gumba pale waya mbili zinapokutana, ikiachia irudishe. Kama unakaa karibu na bahari chukua yenye zinki maana chumvi inakula waya haraka sana. Na fundi asikupigie misumari ya kawaida akaikunja, mpe misumari ya U. Ila sehemu ya juu usiiache meshi tupu yote, nusu ezeka makuti, sungura joto likizidi nyuzi 30 anateseka na anaweza kufa hata kama hakuna ndege aliyemgusa.

Namba mbili, tenga. Asee tenga linadharauliwa bure. Kwa vifaranga wa wiki za kwanza hakuna kitu cha bei ndogo kinachofanya kazi vizuri hivyo, unawafunika na mama yao, unaweka jiwe juu, unaendelea na shughuli zako. Chagua lililosukwa karibu karibu, vidole viwili vikipita kwenye uwazi basi na mdomo wa kunguru utapita.

Namba tatu nyavu za kutandaza juu ya uwanja. Chukua ya uzi mnene unaoonekana na uivute ikaze kabisa, ikilegea inanasa ndege na hata kuku wako, nilishakaa nusu saa nakata nyuzi kumtoa jogoo huku anatetemeka. Usinunue zile za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku hata kwa kuvulia na zinakata miguu ya ndege vibaya. Nailoni nayo jua linaichakaza kwa hiyo kila baada ya muda ikague. Shedi neti, ule wavu wa kitambaa cha plastiki wa kuzuia jua, inaficha wanyama wasionekane kutoka juu na inaleta kivuli, lakini inachanika.

Mbwa na kanga wanasaidia kutoa taarifa, kanga akiona mwewe anapiga kelele mtaa mzima unajua, basi ni hivyo tu, hawazibi tundu.

Mwisho kabisa CD za kuning'iniza, sanamu la nguo na kupaka vifaranga rangi. Siku za kwanza mwewe anasita, baada ya wiki ameshazoea, mi nilipaka zambarau na bado wakaenda wawili. Na sumu tafadhali usiweke, mwewe akifa anaokotwa na mbwa wa jirani, na isitoshe sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 hairuhusu kujiulia ndege wa porini bila kibali.

Hela ikiwa ndogo mwezi huu nunua tenga leo, meshi uwe unachukua mita chache chache ukianzia na ya juu. Na pima kabla hujajenga, roli nyingi zina upana wa futi tatu au nne, banda likiwa la futi nne huna haja ya kuunga meshi katikati, na kwenye maungio ndiko wanakopitia.