Programu ya kukata picha: ipi ulipie, ipi utumie bure kwa kazi za Tanga

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia, studio za Ngamiani huelemewa na picha za harusi, na wateja wengi wanataka bibi harusi akatwe kutoka kwenye pazia la ukumbi awekwe kwenye mandhari nyingine. Wanaoanza kazi huuliza wanunue programu gani. Mimi hupima kwa kitu kimoja: shela. Siku hizi karibu kila programu inakata kiatu au chungwa vizuri. Shela na nywele ndizo zinazoonyesha ipi inastahili pesa yako, na mpangilio huu umefuata kipimo hicho.

1. Photoshop, kama harusi ndiyo riziki yako

Tangu 2018 inamchagua mtu kwa kubofya mara moja, lakini thamani yake iko kwenye dirisha la Select and Mask. Humo unapitisha brashi kwenye nywele, inatafuta ukingo yenyewe, kisha unaweka tiki ya kuondoa rangi ya zamani iliyobaki. Tiki hiyo usiipuuze: pazia jekundu huacha wekundu kwenye shela jeupe, na mama wa bibi harusi atauona kabla yako.

Shela lenyewe lifanyie maski kwa mkono, yaani tabaka linaloamua kipi kionekane na kipi kifichwe. Kwenye maski, nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu kinapitisha nusu. Paka kijivu pale kitambaa kilipo chepesi ili mandhari mpya ipenye. Shela lililokatwa kwa ukingo mkavu linaonekana kama karatasi.

Uzito uko kwenye malipo. Tangu 2013 matoleo mapya yanakodishwa, hayauzwi moja kwa moja, na mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi una ada ukiuvunja njiani. Kompyuta nayo iwe na RAM isiyopungua GB 8. Ile ya wizi inayouzwa kwenye flashi achana nayo kabisa. Virusi vikiingia vinaondoka na harusi za watu.

2. Photopea, kwa anayeanza

Hii ndiyo ninayompa kila kijana mwenye laptopu na bando. Inafanya kazi kwenye kivinjari, ni bure, matangazo yanakaa pembeni, inafungua mafaili ya PSD (yale ya Photoshop), na maski zake zinakwenda vilevile kama za Photoshop. Ukizoea hapa, siku ya kulipia hutaanza upya.

Halafu kuna suala la stara. Ukishikilia zana za mkono, faili linabaki kwenye kompyuta yako. Kwetu hilo ni kubwa: picha za singo, bibi harusi kichwa wazi katikati ya wanawake wenzake, ni amana. Usizipandishe kwenye huduma yoyote ya mtandaoni bila idhini yake, hata kama inakata kwa sekunde mbili.

3. GIMP

Bure kabisa, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Toleo la 3.0 lilitoka 2025. Nywele zitakuchukua muda mrefu zaidi, na menyu zake zinataka subira. Inamfaa ambaye bando si la uhakika.

4. remove.bg, Photoroom na Canva

Hizi zinaondoa mandhari zenyewe. Dada anayeuza madira au viungo kwa WhatsApp aanzie hapa, asinunue kikubwa. Ila remove.bg ya bure inakupa picha ya takribani robo ya megapikseli (pikseli 250,000), wakati picha ya sentimita 10 kwa 15 ikichapwa vizuri inataka pikseli zaidi ya milioni 2. Kwa simu inatosha, kwa fremu ya sebuleni hapana. Kwenye Canva, kitufe cha kuondoa mandhari kiko kwenye toleo la kulipia. Mwenye iPhone XS au mpya zaidi, yenye iOS 16 kwenda juu, anaweza kumbonyeza mtu kwenye picha na kushikilia, akanyanyuka peke yake, bila kulipa chochote. Popote utakapokata, hifadhi kwa PNG, maana JPEG haiwezi kuacha wazi sehemu uliyoondoa mandhari.

Kabla ya kutoa hela, chukua picha yako mwenyewe yenye shela, ikate kwa toleo la majaribio, iweke juu ya nyeusi kisha juu ya nyeupe, na uikuze hadi asilimia 100. Ukingo ukiwa na mstari wa rangi ya zamani kwenye mojawapo, usilipe.