Hita ipi ununue kwanza kwa gari lako la 4x4?

Wenye Land Rover na wenye Land Cruiser ni watani wa jadi, na wa Jeep wakijiunga utani hunoga zaidi. Msimu wa theluji ukifika hubishania jambo moja tu: asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, la nani litawaka kwanza? Naupenda sana ubishi huo, na ndio uliopanga orodha hii. Kipimo changu ni gari lililolala nje usiku kucha.

1. Hita ya injini. Hufungwa kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Wengi huiruka kwa sababu haionekani. Lakini joto la ndani ya gari hutoka kwenye maji ya rejeta, hivyo injini ikiwa ya baridi, dashibodi itakupulizia upepo wa baridi hata ukifungulia mpaka mwisho. Oili nayo imekuwa nzito, na betri imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake wakati starta inahitaji nguvu nyingi zaidi. Hita ya wati 400 hadi 1,000 ikiwashwa saa 2 au 3 kabla ya safari inatosha. Itafutie taima, uliache gari likipata joto wewe ukiwa bado kitandani. Hakikisha imetengenezwa kwa injini yako hasa, maana matundu ya bloku hayafanani.

2. Hita ya dizeli ya kuegesha. Kwa anayelala ndani ya gari kambini, hii inapanda hadi namba moja. Webasto na Eberspächer ndio majina ya siku nyingi. Hufanya kazi injini ikiwa imezimwa, na ya kilowati 2 hunywa dizeli kidogo sana, robo lita kwa saa au chini yake. Usishawishike na ya kilowati 5 kwa gari lenye nafasi ndogo ndani: itashinda ikiwaka kwa moto mdogo, na masizi yataiziba. Ipo pia aina inayopasha maji ya rejeta, nayo humfaa asiye na plagi karibu na maegesho.

Bomba la moshi lazima litoke nje kabisa, mbali na milango na madirisha. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Nunua king'ora cha kuitambua gesi hiyo siku hiyohiyo unayonunua hita. Kama bajeti haitoshi vyote viwili, subiri.

3. Viti vya joto. Kwenye gari la turubai mimi ningevinunua kabla ya hita ya dizeli. Hewa ya moto hutorokea kwenye zipu na mishono, ila joto la kiti linaingia mgongoni moja kwa moja, dakika chache tu baada ya kubonyeza swichi. Chagua pedi za nyuzi za kaboni. Zile za waya, waya ukikatika mahali pamoja pedi nzima hufa. Ziungwe kupitia fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme.

4. Usukani wa joto. Raha tupu kwa vidole, mradi uwe umetengenezwa na joto lake ndani. Kava za kuvalisha huteleza kwenye kona.

5. Kuwasha kwa rimoti. Injini ya dizeli ikinguruma gari likiwa limesimama tu huchelewa mno kupata moto. Mwenye gia za mkono asiiguse: likiachwa kwenye gia, litaruka bila dereva.

Kisha tia nyuma nyaya nene za kuunganishia betri, ndefu za kutosha kufikia gari la jirani. Asubuhi moja gari la mtani wangu mkubwa lilikataa kuwaka. Tulikaribisha boneti kwa boneti, tukakwangua barafu kwenye vichwa vya betri kwa kucha, na injini yake iliponguruma alinikumbatia na glavu zake zote. Kabla hatujafika barabarani, utani ulikuwa umerudi palepale.