Fumbo la picha kwenye fomu: linamnasa mteja, mtumaji taka anapita

Fumbo hili (CAPTCHA, linalokutaka uchague picha kuthibitisha kuwa wewe ni mtu, si roboti, yaani programu inayojaza fomu yenyewe) nililipachika kwenye fomu ya kuulizia bei ya tovuti ili kuzuia jumbe taka. Nyota 1 kati ya 5.

Kilichonitibua ni hiki. Mteja anaweka tiki kwenye "Mimi si roboti", kisha anaanza kuandika shida yake: vipimo vya mlango, aina ya mbao, siku anayouhitaji. Tiki ile imempa kibali kinachoishi dakika 2 tu. Anayeandika kwa dole gumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka atamaliza saa ngapi? Akibonyeza Tuma, seva inakuta kibali kimekufa, inamrudishia fomu tupu. Maandishi yote yamepotea, na hakuna maelezo! Mtu huyo harudi, anakwenda kwa fundi mwingine.

Picha zenyewe sasa. Mabomba ya zimamoto ya kando ya barabara za Marekani, mabasi ya shule ya njano ya huko huko. Mtu wa Masasi ayajulie wapi? Tena zinamla bando. Na aliye kwenye data ya simu ndiye anayeongezewa mafumbo, maana anwani za IPv4 (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi, hivyo kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Roboti moja ikiichafua, wote wanashukiwa.

Mtumaji taka anapita hivyo hivyo. Wapo watu wanaolipwa kutatua mafumbo haya kwa niaba ya roboti.

Nikaling'oa, nikaweka kisanduku cha mtego: sehemu ya kujaza ambayo binadamu haioni, ila roboti inaikuta kwenye msimbo na kuijaza. Usiifiche kwa type="hidden", roboti nyingi zinairuka; isukume nje ya kioo kwa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa). Weka na autocomplete="off" na tabindex="-1", la sivyo kivinjari kinaweza kuijaza chenyewe, au mteja akaifikia kwa kitufe cha Tab, ukamnasa mteja halali. Anayetumia programu ya kusomewa skrini mkumbuke pia: aria-hidden="true" inaiambia programu hiyo iiruke. Kisha pima muda. Fomu iliyojazwa na kutumwa ndani ya sekunde 3 haikujazwa na vidole. Viungo vya kwenda tovuti nyingine (links) vikizidi viwili, ujumbe uweke kando usomwe na mtu, usiufute. Wala usihesabu jumbe kwa anwani ya IP peke yake, utaangukia kosa lile lile la anwani moja ya watu wengi.

Hata hivyo lazima niseme ukweli: roboti inayoendesha kivinjari kamili na kuandika polepole inaweza kuvuka mtego wa kisanduku na wa muda. Hapo fumbo nimelirudisha, ila kwa ujumbe unaotiliwa shaka tu, na linatokea baada ya kubonyeza Tuma, maandishi yakiwa yamehifadhiwa kwenye kivinjari ili kibali kikifa yasipotee. Likiwekwa hivyo linafanya kazi. Nyota 3.

Hapana, 2. Kitufe chake cha sauti, kile cha wasioona, kinatamka Kiingereza kilichofunikwa na makelele, na hakuna mahali pa kuchagua Kiswahili. Asiyeona na asiyejua Kiingereza amefungiwa nje kabisa.