Sensa ya sukari ya kubandika mkononi: kipimo kizuri, gundi ndiyo shida

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na sukari ninayo miaka mingi. Vidole ndiyo mtaji wangu na kuvidunga kila mara kupima sukari kunaniumiza, kwa hiyo binti wa dada yangu aliporudi kutoka Muscat na sensa mbili za kubandika, za siku 14 kila moja, nilizipokea kwa mikono yote.

Kuibandika hakuna kazi. Unafuta nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kwa spiriti, unaacha pakauke, unakandamiza, imeingia. Sindano inatoka, chini ya ngozi unabaki uzi laini wa kama nusu sentimita, unaopinda na mwili. Umepakwa kimeng'enya ambacho kikikutana na glukosi hutoa umeme mdogo mno, na umeme huo ndio unaogeuzwa namba kwenye simu. Baada ya saa moja inaanza kusoma. Simu iwe na NFC, ile ya kusoma kwa kuisogeza karibu na sensa, la sivyo umepata pambo.

Ila jueni kwamba haipimi damu. Inapima majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa kama dakika 5 mpaka 10. Ukidunga kidole mara tu baada ya kula, namba hazilingani, na hapo ndipo watu husema ni feki. Mimi natazama zaidi mshale, ule wa kwenye simu unaoonyesha sukari inapanda au inashuka. Chai kavu na vitumbua: mshale ulisimama wima, 7 ikawa 13 (mmol/L) nikiwa bado nakata suruali ya mteja. Muhogo wa nazi na kipande cha samaki changu, ukapanda polepole. Kupima kliniki asubuhi sijala kitu kusingenionyesha hayo.

Usiku mmoja kengele ililia, eti niko chini ya 3.9. Sitetemeki, sitoki jasho. Kumbe nilikuwa nimeulalia mkono. Ukiibana, inasoma chini. Nikageukia upande wa pili, namba ikapanda yenyewe bila hata tende. Namba ikikutia shaka, dunga kidole kwanza.

Sasa gundi. Kwa joto na unyevu huu wa Tanga, ukingo ulianza kunyanyuka kabla ya wiki kwisha, ukaokota vumbi la vitambaa mpaka ukawa na ndevu nyeusi. Ya pili niliizungushia plasta ya kitambaa niliyoitoboa katikati, ikakaa mpaka mwisho, hata kuoga baharini Raskazone. (Maelezo yanasema kina cha mita 1, dakika 30, basi.)

Boksi linataka ihifadhiwe kati ya nyuzi 4 na 25, kwa hiyo yangu ilikaa mlangoni mwa friji.

Kuivaa mfululizo siwezi, bei yake ni ya wenye mishahara. Nitavaa moja kila daktari akinibadilishia dawa, nione mshale unakwendaje. Na wewe unayeiuza hapa mjini, kabla sijatoa hela nitakuuliza kwanza ulikuwa umeiweka wapi.