Nimepikia watu wangu "ladha mpya" wiki nzima, na mamangu karibu aite zimamoto

Haya jamani nshamaliza, na tumbo bado lipo. Nyote mwavijua vile vikorokoro vya ladha za ajabu vilivyojaa kwenye mashelfu ya maduka ya Nyali hapa Mombasa siku hizi, ukipita unajiambia leo nachukua kimoja tu nijaribu, basi mie sikuchukua kimoja nilichukua vitano, risiti ikaja shilingi 3,940, pesa ambazo ningeshuka soko la Marikiti nikarudi na samaki na nazi na viungo vya mwezi mzima na nauli ya tuktuk ikabaki. Mayonezi ya truffle, krisps za wasabi (ule mzizi mkali wa Kijapani), gochujang ya Kikorea, noodles kali na asali ya pilipili. Nikasema sili hivi hivi, natia kwenye vyakula vyetu vya kila siku nione kama vyakubali.

Nianze na mayonezi maana ndiyo iliyonitia aibu. Truffle ni uyoga unaoota chini ya ardhi, kule Italia na Ufaransa wanautafuta kwa mbwa waliofunzwa kunusa, na bei yake haisemeki. Sasa ukiona chupa ya 720 usijidanganye, vitu vingi vya truffle vya bei hiyo vimetiwa harufu iliyotengenezwa maabara, uyoga wenyewe ni wa kuonyeshwa tu. Nikakaanga viazi karai vyangu vikatoka manjano safi, nikaona leo ukwaju upumzike. Nafungua kifuniko tu, mamangu yuko sebuleni na redio yake, nasikia "We! Gesi! Gesi yavuja hiyo!" na kabla sijajibu ashaingia jikoni, ashafunga mtungi, dirisha wazi, mlango wa nyuma wazi, jirani wa juu naye ashafika kwenye ngazi auliza kuna nini, na mie nimesimama na kijiko cha mayonezi mkononi.

Na wallahi hakukosea sana. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, inatiwa kemikali ya jamii ya salfa makusudi ikivuja watu wajue, na harufu ya truffle nayo yatokana na salfa, hizo mbili ni binamu kabisa. Nilipomweleza akachovya ncha ya kidole, akaonja, akaniangalia. "Basi si ungefungua mtungi tu mwanangu, ungenusa bure." Viazi vikaliwa na ukwaju kama siku zote.

Krisps za wasabi zilinipa somo jengine. Kwanza nyingi za hizi hazina wasabi wa kweli, ni mzizi mwengine wa jamii ya haradali umetiwa rangi ya kijani, wasabi wenyewe ni ghali na ni mgumu kulimwa. Nikazisaga kwa chupa, nikatumia badala ya chenga za mkate kwenye katlesi, nikiwaza yaani ukiuma nje pua inafunguka ndani nyama na viazi, mambo. Zilipoingia kwenye mafuta nikahisi pua inachoma hadi machozi, nikafurahi nikajua leo leo. Kumbe ule ukali ukipata moto unaruka wote na mvuke, si kama pilipili ambayo hata uikaange vipi ipo, kwa hivyo ladha yote niliivuta mie niliyesimama juu ya karai na waliokaa mezani wakapata katlesi zenye chumvi nyingi na ncha nyeusi, nadhani ule unga wa ladha una sukari ndani maana ziliungua upesi sana. Zilizobaki nikazivunjavunja juu ya kachumbari dakika ya mwisho, zikiwa kavu, na hapo nakiri zilikaa vizuri. Ila uzimalize siku hiyo hiyo, joto letu hili na unyevu, ukifungua pakiti asubuhi jioni zishalegea kama gazeti.

Asali ya pilipili sina mengi. Tamu kwenye mahamri, tamu kwenye kuku wa kuchoma, lakini ni asali na pilipili! 880 ya nini? Pasha asali yako moto mdogo sana, tia pilipili mbuzi moja uliyoipasua, iache usiku mmoja, chuja. Ushaipata. Halafu mtu aliyekulia kwenye mabuyu na maembe mabichi ya pilipili na zile krisps za muhogo za pale ufukweni Mama Ngina na ndimu yake juu, umwambie ati tamu na kali pamoja ni uvumbuzi, atakuangalia tu.

Sasa gochujang. Hapa nilinyamaza nikala. Ni rojo zito jekundu, pilipili na mchele na soya iliyochachwa na chumvi, Wakorea kwa jadi wanaliweka kwenye mitungi ya udongo nje juani miezi na miezi. Na hicho ndicho kitu ambacho sisi hatuna, ukali tunao, uchachu wa ndimu na ukwaju tunao, utamu usiseme, lakini ule uzito wa kitu kilichokaa kikaiva chenyewe kwenye mtungi, ule unaobaki mdomoni baada ya kumeza, jikoni kwetu haupo. Nikatia vijiko viwili kwenye mishkaki, na papai bichi na thomu na tangawizi kama kawaida, nikapunguza ukwaju. Seti ya kwanza niliiharibu, nilipaka nyingine juu tangu mwanzo na ina sukari, makaa yakaibabua nje na ndani nyama mbichi. Ya pili nikaipaka nyama ikishakaribia kuiva, nikageuza mara mbili tu, ikang'aa ile rangi, mamangu akala sita bila kuuliza ni kitu gani. Akauliza baadaye, na swali lake likawa moja: halali? Nanyi muulize. Nyingi zinatiwa alkoholi kidogo ili zisiumuke ndani ya chupa, kwa hivyo soma viambato vyote au tafuta yenye muhuri wa halali, zipo. Yangu ilikuwa nao, nilikuwa nshaangalia nisije nikapigwa na kandambili.

Noodles ni Buldak za kampuni ya Kikorea ya Samyang, zile zilizoanza 2012, na mwaka 2024 Denmark waliamuru zile kali zaidi zitolewe madukani kwa kuhofia zitawadhuru watu. Mtoto wa kakangu miaka kumi na saba akajigamba, akala uma tatu, "shangazi maji!" na maji hayasaidii kitu, ule ukali hauyeyuki kwenye maji, wataka mafuta au maziwa. Basi nikazirudisha kwenye sufuria, nikamwagia tui zito la nazi moja na nusu, ndimu na dania juu. Weee! Ukali upo ila umekaa kitako, rojo limekuwa rangi ya machungwa, wanangu walilamba sufuria. Hii narudia, na bei ni 290 pakiti.

Duka lenyewe silitaji, zuri, lina eisi, ila kuna tabia moja mbaya. Kibandiko cha bei kimebandikwa juu kabisa ya tarehe ya mwisho, nimekuja kukibandua nyumbani kwa ukucha naona krisps zimebakisha siku tisa. Niliporudi kuuliza kijana wa kaunta akanambia ndiyo maana ziko ofa. Nikamwonyesha risiti, bei kamili. Akamwita meneja, meneja akaenda chakula. Kwa hivyo bandueni hapo hapo dukani kabla hamjalipa.

Gochujang nyota tano, noodles nne kama una nazi nyumbani, krisps mbili, asali mbili. Mayonezi ipo, imetoka kijiko kimoja tu, anayeitaka aje Majengo achukue bure, ila aje na chombo chake, ile chupa naitaka ya kutilia achari.