Kung'oa lusina na lantana uwandani: huduma ya mafundi wa bustani, Jambiani

Niliwakodi mafundi wa bustani wasafishe kiwanja cha uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache, Jambiani, Unguja, na kupanda miti inayostahamili ukame. Kung'oa wameng'oa vizuri. Kupanda ndiko kunakotaka msimamizi.

Lusina, mti wa jamii ya kunde unaoenea haraka, haikatwi kwa panga ikaachwa. Kisiki kikibaki, mvua ikinyesha tu kinatoa machipukizi manne matano, na mti unageuka kichaka. Hawa walifukua kwa sururu hadi shina linapokutana na mizizi, wakakata chini ya hapo. Hapo nawapa alama zote. Tena walianza maganda yakiwa bado mabichi, maana yakishapasuka mbegu hukaa ardhini miaka na kuota kila masika. Lantana waling'oa baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kwa glavu; ina vimiba. Takataka zitengwe: majani ya lusina mbuzi anakula, ila punda usimpe, hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia. Lantana ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe, isiachwe njiani.

Tatizo ni mashimo. Uwandani ukichimba kidogo unagonga jiwe, nao walitaka kuishia hapo hapo. Shimo la mkomamanga liwe sentimita 60 kila upande, na jiwe lipasuliwe kwa mtaimbo mpaka upatikane ufa. Bila ufa maji ya masika yanatuama, mizizi inaoza, halafu unasema mti umekufa kwa jua. Mimina shimoni ndoo ya maji ya lita 20; maji yakiwapo hadi asubuhi, mtaimbo urudi kazini. Kujazia, udongo mwekundu wa kinongo madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza sawasawa. Mbichi inaunguza mizizi. Mshubiri hautaki samadi, utilie kokoto ndogo.

Kwa ua, binafsi naona mhina unaipita bogonvilia: vipandikizi vya unene wa penseli, umbali wa sentimita 30, na majani yana kazi yake.

Mti haustahamili ukame tangu siku unayoupanda. Msimu wa kwanza mwagilia kila baada ya siku mbili tatu, na shinani utandaze makumbi ya nazi. Visima vya pwani vina chumvi, kwa hiyo maji yaende chini tu. Yakigusa majani, kingo zinaungua.

Malipo wanataka kwa eneo, si kwa siku. Zuia theluthi mpaka warudi kung'oa miche ya lusina inayoota baada ya mvua, kwani wakishalipwa zote hata simu hawapokei.